Futikamba ya Wifi Yangu

Kwa miaka kumi na mmoja wifi yangu hakushuka ngazi kumfuata mteja. Karakana yetu ya ushonaji iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na ngazi yake ina vipandio thelathini na vinne. Alifunga kamba kwenye nondo ya dirisha, akaning'iniza mfuko wa turubai, na mteja akiita kutoka chini, nguo inateremka kwa kamba. Watu walisimama barabarani kutazama. Yeye alijivunia ubunifu ule, akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mimi ni dada wa marehemu mumewe. Yeye anashona, mimi napiga pasi, na tumekaa katika chumba kile kimoja tangu kaka yangu alipofariki. Wateja walituita Uzi na Robota. Mimi ndiye uzi, maana hata nile nini sinenepi. Yeye ndiye robota, lile furushi kubwa la vitambaa. Jina hilo yeye mwenyewe alilicheka kuliko wote, nami nikadhani anayecheka haumii.

Hakuwa mlafi, na anayesema hivyo atanikuta. Alikuwa anakaa. Alikaa tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, chai kando yake, vijiko vitatu vya sukari, vikombe sita kwa siku. Bakuli la viazi vya kukaanga lilikuwa karibu na gurudumu la cherehani. Mkono mmoja unasukuma kitambaa, mwingine unaokota kiazi, na macho yako kwenye sindano, kwa hiyo hakuona anachokula wala kimeisha saa ngapi. Zamani angalau alikanyaga cherehani kwa miguu. Tulipofunga mota, hata miguu ikapata likizo.

Nguo zake alijishonea mwenyewe, pana, zenye mpira kiunoni. Alitandika gauni la mwaka jana juu ya kitambaa kipya, akakata kwa kuzidisha kidogo pembeni. Hakujipima hata mara moja. Nguo ya fundi haimbani mwenyewe, ndiyo maana haimwambii kitu.

Wengine aliwapima kwa futikamba ya kitambaa, ya manjano, aliyopewa na fundi aliyemfundisha kazi. Ilikaa shingoni mwake mchana kutwa. Kwa kuwa ilijikunja ncha na kunuka jasho, kila Jumamosi jioni mimi niliichukua, nikainyunyizia maji, nikaivuta sawasawa juu ya meza na kuipitishia pasi ya moto mpaka ikanyooka. Hakuna aliyeniomba. Nilifanya kwa mapenzi, miaka yote hiyo, na kila nilipoirudisha alisema, "Ahsante wifi, sasa inapumua."

Yeye na marehemu kaka yangu walijaliwa mtoto mmoja, binti, sasa ana miaka ishirini na mbili. Tunamwita Kasuku, kwa sababu utotoni alisema mpaka usingizini. Alikuwa anafundisha watoto wa chekechea. Mwaka juzi alianza kuvimba miguu, kisha uso, kisha akaacha kusema sana, na sisi tukadhani ni mapenzi yamemchanganya. Hospitali wakatuambia ni figo, zote mbili. Akaingia kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, na anatoka hapo amekwisha kabisa.

Wa kumpa figo tulikuwa wawili. Mimi nilijitokeza kwanza, kifua mbele, mwembamba na mwepesi. Wakanipima, wakaniambia nina presha ya siku nyingi na sifai kabisa. Huyo ndiye Uzi. Aliyefaa alikuwa Robota.

"Mama, figo zako ni nzima na damu yenu inaelewana," daktari alimwambia. "Lakini una kilo mia na nne. Siwezi kukupasua hivyo. Unaweza usiamke, au figo itakayobaki ishindwe kuubeba mwili huu. Niletee kilo themanini na nane."

"Nina muda gani?"

"Madaktari wa kupandikiza wanakuja hapa mara mbili kwa mwaka, wiki moja tu. Watakuja baada ya miezi sita. Ukikosa hapo, ni miezi sita mingine, na huyu binti sijui kama anayo."

Wifi alitikisa kichwa kukubali, kama anayepewa siku ya kukabidhi magauni ya harusi. Tangu nimjue, hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu.

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya upole. Alimpima kiuno, akaandika kwenye kadi sentimita mia moja ishirini na nne. Akamchorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo wali au viazi vya kuchemsha, robo maharage au samaki. Chai bila sukari. Soda basi. Kutembea kila siku, aanze na nusu saa, aongeze. Apande ngazi, asimame, ainame, mwili ufanye kazi bila kungoja siku maalumu. "Uje nikupime baada ya miezi mitatu," akasema. "Na ukitaka kabla ya hapo, mlango wangu uko wazi."

Mlango ule tuliupita mara mbili kila wiki tukimpeleka Kasuku kwenye mashine, na kila mara wifi aligeuza uso. Aliwahi kupanda mizani sokoni, mbele za watu, mwenye mizani akauliza kwa sauti kama wamepanda wawili. Tangu siku hiyo aliapa hapandi mizani kwa hiari yake.

"Mizani ya fundi ni futikamba," aliniambia. "Nitajipima mwenyewe."

Wiki mbili zikapita. Alikuwa ametoa kijiko kimoja cha sukari katika vile vitatu, na bakuli la viazi limekuwa dogo kidogo. Jumamosi asubuhi alifunga mlango wa karakana, akavua gauni la juu, akaizungusha futikamba kiunoni. Akasoma. Akasoma tena.

"Wifi, njoo uone. Mia na kumi na nane."

Sentimita sita ndani ya wiki mbili. Nilimwona akikaa kitini na kufunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Jioni ile alimpikia Kasuku, akamsimulia, akajishika kiuno na kuzunguka sebuleni. Kasuku akacheka mpaka akakohoa, kisha akala sahani nzima. Hatukuwa tumemwona akimaliza sahani kwa mwezi mzima.

Wiki iliyofuata nilinunua pakiti ya sindano, na ndani yake mlikuwa na futikamba mpya, zawadi ya dukani. Wifi alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Nilikuwa nimeichukua ile ya manjano niipige pasi kama kawaida, nikazilaza zote mbili mezani, sambamba, bila nia yoyote. Mia moja ya ile kuukuu ilifika kwenye mia moja na tano ya ile mpya.

Nilidhani ile mpya ndiyo mbovu. Nikachukua rula ya chuma ya kukatia vitambaa, nikapima. Rula na mpya zilikubaliana. Ya manjano ilikuwa imevutika, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa maji na moto na mkono wangu mimi. Kwa futikamba ile mia na kumi na nane ilikuwa mia na ishirini na nne ileile ya kwenye kadi. Wifi hakuwa amepungua hata kidogo.

Ningemwambia palepale. Nilisikia hatua zake ngazini, akipumzika kila kipandio cha kumi, na akaingia akiimba. Huyu mtu hajaimba tangu kaka yangu azikwe. Nikaisukuma futikamba mpya chini ya kitambaa cha meza yangu ya pasi, nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake Kasuku alikuwa anatapika, si siku ya kumwambia mtu. Kesho kutwa wifi alinunua soda moja, akasema amejituza, nami nikamwangalia anainywa. Wiki ikaisha. Kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyohitaji kueleza kwa nini nimechelewa, na nani aliyeiharibu futikamba ile. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nami niliendelea kungoja. Wiki kumi zilipita hivyo. Futikamba ya manjano ikimwonyesha amepungua hata nusu sentimita, alijiona yuko mbele ya ratiba, na asubuhi ikiwa na mvua kidogo, hatembei.

Miezi mitatu ilipotimia aliingia kwa mtaalamu wa lishe kifua mbele. Alipanda mizani bila kuambiwa. Yule dada akasoma, akasoma kadi, akasoma tena mizani.

"Mia na mbili. Umepunguza kilo mbili, mama."

"Mizani yako ina ugonjwa," wifi akasema. Akaivua futikamba shingoni. "Nipime kwa hii. Nina mia na kumi na tano."

Yule dada akaipokea kwa heshima. Akaivuta ile ya kwake ya plastiki kutoka kwenye droo, akazishika pamoja ncha zao za juu, akaziachia zining'inie. Ya manjano ilishuka chini zaidi, mwisho wake ukalala mezani. Mimi nilikuwa natazama bango la mboga ukutani.

"Miaka yote hii nimewapima watu kwa uongo," wifi akasema taratibu.

"Na nguo zao zilikuwa zinawatosha?" yule dada akauliza.

"Zinawatosha sana. Kitambaa nacho nilikikata kwa uongo uleule."

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Akauliza zimebaki kilo ngapi, akaambiwa kumi na nne, kwa miezi mitatu. Yule dada akamwambia ni nyingi kwa muda huo, na asije akajinyima chakula, kwa sababu mwili dhaifu daktari hataupasua pia. Wifi alisikiliza yote, akaiacha ile ya manjano kwenye kapu la taka, akatoka.

Siku hiyo alitembea kutoka hospitali hadi karakana. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mzima wa afya. Yeye ulimchukua karibu saa tatu, na mara mbili aliketi kwenye ukingo wa mtaro, miguu imemjaa. Nilimwambia tupande gari. Akainuka, akaendelea na mwendo. Tulipofika alipanda vipandio vyote thelathini na vinne, akachukua mkasi mkubwa, akaikata kamba ya dirishani. Kisha akaifungua mota na bisibisi, akaiweka chini ya meza, akafunga mkanda wa ngozi wa kanyagio.

Nilichukua futikamba mpya kutoka mafichoni siku hiyohiyo, nikampa, nikasema nimeipata kwenye pakiti ya sindano. Hilo halikuwa uongo. Hakuuliza lini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na mimi sijawahi kuona kazi kama ile. Mteja akiita, anashuka. Akishuka anapanda. Nilihesabu siku moja safari kumi na tisa. Alikanyaga cherehani mpaka vifundo vikavimba, akavifunga vipande vya kanga kuukuu, akaendelea. Asubuhi alitembea kabla ya kufungua karakana, jioni alitembea kurudi nyumbani. Mimi nilipika kama sahani ile ya karatasini na kula naye, maana sikuona kwa uso gani ningemwekea mboga yeye na kujiwekea viazi vya mafuta mimi. Chai bila sukari aliinywa kama dawa, macho amefumba. Kila wiki alipanda mizani ya yule dada, akiwa amevua hata hereni. Mia moja. Tisini na tisa. Tisini na saba. Bandu bandu huisha gogo, nilimwambia, akaniambia gogo hili lina tarehe.

Kulikuwa na vichekesho pia, siwezi kusema uongo. Daftari lake lilikuwa na vipimo vya wateja wa miaka nenda miaka rudi, vyote vya futikamba ya manjano. Kwa kujisahau alikata magauni matatu kwa namba zile akitumia futikamba mpya. Yote yakabana. Wenyewe hawakumlaumu fundi, walijilaumu. Wiki iliyofuata tukawakuta wote watatu asubuhi njiani, wamevaa raba, wanatembea kwa kasi. Wifi aliinamisha kichwa, akapita. Baadaye aliwapanulia nguo bure, ila hakuwaambia kwa nini.

Wengine walimwona anavyopungua wakaanza kunong'ona. Mmoja akaniuliza pembeni, "Fundi anaumwa nini? Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamjibu aangalie ya kwake. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu methali ile ilikuwa yangu, si ya wifi.

Mwezi wa mwisho mizani iliganda. Tisini na tano, wiki mbili mfululizo. Hapo wifi akachanganyikiwa. Akaacha kula bila kuniambia, maji tu, siku tatu. Siku ya tatu mteja aliita, akashuka, akafika kipandio cha ishirini, na nikasikia kishindo. Nilimkuta ameegemea ukuta, midomo myeupe, gauni la mteja amelishikilia juu lisichafuke.

"Wifi, unataka tumzike nani kwanza?" nilimuuliza.

"Sina kingine cha kumpa," akasema. "Wenzangu wana mashamba, wana elimu. Mimi nina figo, na hata hiyo nimeshindwa kuitoa."

Nilimlisha kijiko kwa kijiko palepale ngazini. Yule dada wa lishe alimgombeza kama mtoto, kisha akamshika mkono muda mrefu. Akala, akatembea, akakanyaga. Tisini na nne. Tisini na tatu.

Siku ya mwisho Kasuku alikuja nasi. Alikuwa amebaki mifupa na macho, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, gauni lake nimelibana kwa pini mgongoni. Mama yake alipanda mizani. Daktari mwenyewe alisoma.

"Tisini na mbili."

"Ongeza wiki nne tu," wifi akasema. "Wiki nne, tano, zinatoka hizo nne. Unaona jinsi ninavyoshuka."

"Naona, mama. Umefanya kazi kubwa sana. Lakini wapasuaji wanaondoka Ijumaa, na wamekataa. Mimi niliwaomba. Moyo wako ukishindwa mezani, tumepoteza wawili. Endelea hivihivi, watarudi."

"Baada ya miezi sita."

"Baada ya miezi sita."

Kasuku alinyoosha mkono, akamshika mama yake gauni, pale kiunoni palipobaki kitambaa kingi cha ziada. "Mama, umependeza," akasema. Ndiyo maneno pekee aliyosema siku hiyo.

Walipomwingiza kwenye mashine, sisi tulibaki kwenye benchi la ukumbini. Kilo nne. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, nimeipiga mara nyingi mno. Kilo nne zingetoka ndani ya zile wiki zangu kumi. Sikuweza kuzificha tena.

"Wifi," nikasema, "ile futikamba mpya niliipata zamani. Kabla hatujaja kupimwa ile ya miezi mitatu. Nilizilinganisha. Nilijua."

Hakugeuka. "Tangu lini?"

"Ulipokuwa kwenye wiki ya tatu. Nilificha chini ya kitambaa cha pasi. Na mimi ndiye niliyeivuta ile kwa pasi, siku zote. Ulikuwa unaimba. Sikuweza."

Alifungua kiganja chake mapajani, akaanza kuhesabu wiki kwa kidole gumba, kidole kwa kidole, bila sauti. Alihesabu mpaka mwisho, akarudia. Nilitaka anipige. Alifunga kiganja.

"Mtoto atatoka saa kumi," akasema. "Kamletee maji ya kunywa, yale kidogo aliyoruhusiwa."

Hajawahi kulitaja tena. Hajanifukuza, na wala hajanisamehe, au kama amenisamehe hajaniambia. Karakanani tunasemeshana habari za kazi: hii ipige pasi upande wa ndani, hii ina doa. Wiki tano baada ya siku ile alifika themanini na nane. Leo ana themanini na sita, anapanda ngazi bila kupumzika, na asubuhi tukitembea yeye yuko mbele, mimi na presha yangu nyuma namwona mgongo. Kasuku sasa anakwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Wapasuaji watarudi baada ya wiki tisa. Daktari, tukimuuliza kama atazifikisha, anatazama karatasi zake.

Jumamosi jioni, saa ile niliyokuwa naipiga pasi futikamba ya manjano, wifi anafunga mlango wa karakana na kuvua gauni la juu. Anaizungusha ile mpya kiunoni, anainua mikono, na kunigeukia. Yeye haangalii.

"Soma wewe," ananiambia.

Nami ninainama, nasoma namba kama ilivyo, kwa sauti, na yeye anangoja mpaka niimalize.